Walimsifu Mtoto Rangi

Leo mtoto wangu amesifiwa rangi mpaka akalazwa hospitali.

Nilijifungua Jumatatu. Jumanne nikaruhusiwa kwenda nyumbani, maana wodi ilikuwa imejaa na tulikuwa tunalala wawili wawili kwa kitanda.

Nilifurahi, wacha niseme ukweli. Nani hataki kitanda chake?

Asubuhi ya leo akina mama wa kanisa wakaja na uji kumwona mtoto. Baridi ya Githongo si ya mchezo, kwa hivyo nilikuwa nimefunga mapazia yote.

"Woi, ni mweupe huyu!"

"Na ametulia! Halii hata kidogo!"

Mama mkwe akavimba kichwa. "Hiyo rangi ni ya kwetu."

(Mama mkwe mwenyewe ni mweusi tititi, lakini nani angemwambia?)

Mama Kendi peke yake hakusifu. Yeye ni mhudumu wa afya wa hapa kijijini. Alimbeba mtoto hadi mlangoni penye mwanga, akambonyeza pua kwa kidole, akamwangalia macho.

"Huyu si mweupe, huyu ni manjano. Na hajatulia, amelegea. Vaa viatu twende."

Sasa hivi amelala chini ya taa za buluu za kumtoa umanjano. Amenyonya vizuri mara mbili. Daktari anasema tumewahi.

Wenzangu mliotolewa hospitali mapema, nani alikuja kuwaangalia?

Mama mkwe yuko hapa kando yangu. Amefumba macho, anaomba kwa sauti wodi nzima ikisikia:

"Mungu, mrudishie huyu mtoto weusi wetu."