Swali Moja kwa Baba Mdogo

Baba alipofariki, baba mdogo alichukua shamba letu la pamba la Shishiyu. Alisema mwenye mguu uliopooza kama mimi hawezi kulima. Mimi ndiye niliyekuwa nalilima tangu baba aanze kuugua, lakini kwa aibu yangu sikumjibu. Mama akapeleka kesi baraza la ardhi.

Dada wa msaada wa kisheria kutoka Bariadi alikuja kunifundisha cha kusema. "Usiwaambie unalima," alisema. "Waeleze unavyoteseka. Ukiweza kulia, lia."

Nilijaribu nyumbani. Mama akaniuliza kama jino linaniuma.

Siku ya kesi nilianza mimi. Nilisema nateseka, mwenyekiti akaniambia nipaze sauti, nikasema tena nateseka, nikaishia hapo.

Akafuata baba mdogo. Yeye msibani watu huchelewa kuondoka kwa ajili ya hadithi zake. Alieleza alivyonibeba mgongoni kwenda hospitali nikiwa mtoto, mvua inanyesha, mto umejaa. Wanawake waliokaa nyuma wakasikitika. Hata mimi nilimwonea huruma yule mtoto. Ilikuwa hadithi ile ile aliyotaka dada, ila hii ilikuwa na mvua.

"Sasa wazee wangu," akamalizia, "mtu kama huyu mumpe shamba alifanyie nini?"

Mwenyekiti akauliza kama nina swali. Dada alinitikisia kichwa nisiulize. Nilikuwa natazama sakafu, sikumwona vizuri.

"Baba mdogo, yule maksai mwekundu nani alimfundisha kulima?"

Kwa habari za ng'ombe baba mdogo huwa hajizuii. Aliwageukia wazee wa baraza.

"Yule? Kafundishwa na huyu huyu. Yule ng'ombe hashikwi kamba, wazee wangu. Huyu anaweka gongo lake la kutembelea pembeni, anaegemea plau, anamwita tu. Akifika mwisho anageuka mwenyewe. Hata Lalago hawana ng'ombe wa hivyo."

"Analima mpaka jioni?" mzee mmoja akauliza.

"Jioni ipi? Jua halijawa kali ameshamaliza, kapeleka ng'ombe kunywa maji."

"Analima shamba lipi?" akauliza mwenyekiti.

"Si hili hili."

Mwenyekiti aliandika kwa muda mrefu. Dada alifunga faili lake taratibu.

Siku ya hukumu tuliambiwa shamba ni langu, kwa kuwa mdaiwa mwenyewe amekiri kwamba nalilima. Nje baba mdogo alinishika bega, amefurahi kuliko mimi.

"Umesikia? Mwenyekiti kasoma maneno yangu. Bila ushahidi wangu, mwanangu, ungekuwa huna shamba."

Nikamshukuru.

"Shukrani peke yake haitoshi. Mvua ikianza, uje na yule mwekundu unilimie kule mtoni."

Nikamwambia nitakuja, lakini kwanza nalima kwangu. Safari hii hakuna aliyeniambia nipaze sauti.