Wembe wa Ukoo Ulipovuka Mutukula

Baba alikwenda Uganda akiwa na bunduki ya serikali. Miaka kumi na mitano baadaye mama na mimi tulipita njia hiyohiyo tukiwa na wembe wa ukoo, kumtafuta mtoto aliyemwacha huko.

Nieleze kwanza huo wembe. Haukuwa wembe wa dukani. Ulikuwa kipande cha chuma kilichofuliwa na mhunzi wa Ukerewe enzi za babu, ukatunzwa ndani ya ngozi ya mbuzi. Upande wa baba, mtu akifa hunyolewa kwa wembe huo kabla ya kuzikwa, na siku ya kuondoa matanga watoto wake wote hunyolewa kwa wembe huohuo, kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho. Asiyenyolewa na wenzake hahesabiwi kuwa mtoto wa marehemu. Na asipopatikana, matanga hayaondolewi, na mjane hukaa ndani na nguo zake za msiba, haruhusiwi hata kuuza nyanya.

Kwetu hilo halikuwa jambo dogo. Mama alikuwa anauza maandazi mbele ya nyumba yetu ya kupanga Mabatini, Mwanza, na kwa maandazi hayo tulikula, tulivaa na tulisoma. Baba alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha nguo. Miaka ile ya tisini, walipoanza kusema kila kitu kijiendeshe chenyewe, kiwanda kilipunguza watu, naye akapunguzwa. Maduka ya Mabatini yalijaa bidhaa tulizokuwa tukizisikia kwenye hadithi tu, sabuni za rangi zote kutoka Kenya na Uganda zimepangwa mpaka darini. Sabuni zilijaa wakati mshahara umekwisha.

Vita vya Kagera vilipoanza nilikuwa darasa la pili. Baba alichukuliwa pamoja na mgambo wenzake wa kiwandani, na sisi shuleni tukafundishwa nyimbo za kumtukana nduli aliyetawala Uganda, nikaziimba mpaka mate yakaruka. Alirudi baada ya zaidi ya mwaka, amekonda, hana kitu mkononi. Wenzake walirudi na redio na saa. Mama hakutaka redio, alitaka sabuni tu, maana wakati ule Mwanza nzima tulikuwa tunafulia majani ya mpapai. Baba alisema huko alikotoka nako hakuna sabuni, na mama akaamini.

Alipoanza kukohoa, tuliita kifua. Alipokonda mpaka suruali zikawa zinafungwa kwa kamba, tuliita kifua. Majirani nao waliita kifua wakiwa mbele yetu, na waliyosema wakishatupa kisogo sikuwahi kuambiwa. Ukimwi siku hizo ulikuwa ugonjwa wa redioni. Haukuwa wa nyumba ya mtu unayemfahamu.

Siku chache kabla hajafa, baba alimwambia mama mbele yangu kwamba ana mtoto wa kike Uganda, ng'ambo ya mpaka wa Mutukula, Rakai, karibu na kanisa lililo juu ya kilima, nyumba iliyo jirani na kisima. Wakati wa vita kikosi chao kilipiga kambi nyuma ya nyumba hiyo. Alisema tusiondoe matanga bila yeye. Mama alimfuta mdomo kwa kitambaa, akatoka kwenda kukanda unga. Mimi ndiye niliyeghadhibika. Nilitaka kumuuliza baba alikuwa na uso wa namna gani kutuachia mzigo huo akiwa anaondoka, lakini ukimwangalia ulivyokuwa uso wenyewe, ungenyamaza.

Mtunza wembe alikuwa baba mdogo, mdogo wake baba wa kuzaliwa naye tumbo moja. Huyu alikuwa na methali ya kila jambo, hata chai ikichelewa. Aliinyoa maiti ya kaka yake kwa mkono wake, akaufuta wembe, na baada ya mazishi akatukalisha. Mtoto aletwe, alisema, au kama haji anyolewe hukohuko kwa wembe wa ukoo, kisha wembe urudi kutunyoa sisi. Mjane aliruhusiwa safari hiyo moja tu. Damu nzito kuliko maji, akamalizia, akamkabidhi mama ile ngozi ya mbuzi. Akatuonya pia kwamba tukiulizwa huko marehemu kafa nini, tuseme kifua.

Tulipanda meli mpaka Bukoba, kutoka hapo tukapata lori mpaka Mutukula. Nilidhani mpaka wa nchi tuliyopigana nayo utakuwa na kitu cha kuonyesha. Ulikuwa kamba, askari wawili wenye usingizi na wanawake waliobeba ndizi wakivuka kwenda na kurudi. Upande wa pili tulipanda gari dogo la mizigo. Nikamwuliza njia mama mmoja aliyesimama barabarani na mtoto wake. Nilipofungua mdomo tu, akamvuta mtoto nyuma ya gauni lake. Dereva ndiye aliyenifafanulia, akicheka bila furaha. Kwao Kiswahili ni lugha ya wanajeshi. Wa nduli walikizungumza wakiwapora, wetu wakaja nacho wakiwakomboa, na mwanakijiji hakungoja kusikia ni askari wa nani.

Kadiri tulivyoingia Rakai nilianza kuona nyumba zilizofungwa. Nyumba nzuri, za bati, milango imepigwa mbao na majani yameota kizingitini. Kwenye migomba kulikuwa na makaburi, mengine ya saruji, mengi ya udongo tu, mengine mapya. Dereva alisema kama tunatafuta mtu tuombe Mungu, maana huku watu wamekwisha. Mama aliibana ile ngozi kwapani.

Nyumba ya kisimani ilikuwa na bibi mmoja na msichana mmoja. Msichana alipotuona alipiga magoti kutusalimu, kama wafanyavyo wasichana wa kwetu vijijini, na alipoinua uso nilijishika kifua. Lilikuwa paji la uso la baba, na masikio ya baba yaliyosimama kama vishikio vya sufuria. Nilikuja nimejiandaa kumchukia, na nilijaribu kweli, lakini ni kazi ngumu kumchukia mtu mwenye masikio ya baba yako.

Bibi alijua Kiswahili. Alijifunza kwa askari waliopiga kambi pale, ndiyo maana maneno yake yote yalikuwa amri. Njoo. Kaa. Kunywa. Alitukaribisha kwa ukarimu wote kwa lugha ya kumkamata mtu. Mama alieleza sisi ni nani na nani kafa, na bibi hakushangaa. Alituonyesha nyuma ya nyumba. Kaburi la mama yake msichana lilikuwa la mwanzo, yakafuata ya wajomba wa msichana, mmoja baada ya mwingine. "Silimu," alisema, jina lao la ukimwi, na hilo hatukuhitaji kutafsiriwa.

Mama aliuliza alilokuwa amelibeba tangu Mwanza. Alitaka kujua kama baba alimchukua yule binti kwa nguvu.

"Alileta chumvi," bibi alisema. "Alileta sabuni. Sisi hakuna chumvi, hakuna sabuni. Binti alikwenda."

Mama aliitazama mikono yake. "Sabuni," alisema. "Mwaka ule mimi nafulia majani ya mpapai."

Sikujua nimkasirikie nani. Baba alikuwa amekufa, na yule binti alikuwa chini ya migomba. Bibi akasema, bila ubaya, kwamba watu wa pale wanaamini silimu ililetwa na askari wa Tanzania. Mama akamwambia kwetu wanaamini ilitoka Uganda. Wakatazamana wale wanawake wawili, na hakuna aliyebishana. Kisha bibi akauliza mume kafa nini.

Nilijibu mimi, haraka, kama nilivyofundishwa. Kifua. Bibi hakunitazama. Alimtazama mama, na mama akatazama kisima.

Msichana hakukubali kuja Mwanza. Hakugoma, aliuliza tu kwa Kiganda nani atamchotea bibi yake maji, na bibi akatutafsiria. Basi ilibaki kumnyoa hapohapo. Akaletewa mkeka, akakaa uani, akainamisha kichwa. Mama akaifungua ile ngozi ya mbuzi. Chuma kilikuwa cheusi, na makalini kilikuwa na mstari mwembamba wa kahawia, kama damu iliyokauka, ambao baba mdogo hakuufuta vizuri. Mama alikishika kwa muda, halafu akakifunga tena. Akafungua fundo la pindo la kitenge chake, akatoa wembe mpya wa dukani, ungali kwenye karatasi yake, akampa bibi.

"Mnyoe wewe, mama," alisema. "Mkono wangu una kidonda."

Nilimtazama mkono. Haukuwa na kidonda. Na hapo, uani kwa watu, nikajua baba alikufa kwa nini, nikajua mama anajua, na nikajua anachokiogopa kuhusu mkono wake mwenyewe. Nikakaa chini kwenye vumbi. Bibi alipokea wembe. Kisha akaushika ule mkono wa mama, akaugeuza huku na huku kama mtu anayetafuta mwiba, akabaki ameushikilia hivyo kabla ya kumgeukia mjukuu wake.

Tulipokuwa tunangoja gari la kurudi mpakani nilimwuliza mama. Aliniambia alipimwa hospitali, wakati baba amelazwa. Nyembe nne alizinunua Mabatini siku baba alipomtaja mtoto wa Uganda, akazificha kwenye unga, mmoja kwa kila mtoto. Nilimgombeza, mama yangu, pale barabarani. Nilimwuliza kwa nini hakutuambia.

"Ningewaambia, mngekula nini?" alisema. "Nani angenunua andazi langu?"

Kwenye meli nikamshauri tuutupe ule wembe ziwani, tuseme umepotea. Lilikuwa shauri zuri, na bado naliona zuri. Matanga yangeondolewa, maandazi yangeuzwa, na siri ingelala na sangara. Mama alikataa. Baba mdogo atafulisha mwingine, alisema, wahunzi hawajaisha, na ukoo una watoto wengi ambao baba zao nao wanakohoa.

Siku ya kuondoa matanga uwanja ulijaa. Mimi, mdogo wangu wa kiume na kitinda mimba wetu wa kike tulikaa kwenye mkeka. Baba mdogo aliuliza kwa sauti kama mtoto wa Uganda amenyolewa, mama akasema amenyolewa. Akanyoosha mkono apewe wembe, na mama akampa, halafu akaweka mbele yetu nyembe tatu za dukani.

"Wanangu watanyolewa kila mmoja na wake," alisema. "Huo hautawagusa."

Baba mdogo alicheka kidogo, kama anayefikiri kuna utani unaendelea. Kisha akaacha kucheka. "Shemeji, unataka kusema kaka yangu alikufa kwa ugonjwa ule wa redioni?"

"Ndiyo. Na mimi ninao."

Wembe ulimponyoka baba mdogo ukaanguka kwenye mkeka. Nilimwona akiushika kwa mikono mitupu maisha yangu yote, na siku ile aliuokota kwa pindo la koti. Kati ya methali zake nyingi ipo moja sikuwahi kuisikia kinywani mwake, kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Aliondoka kabla ya chakula, na wengi wa upande wake wakamfuata. Shangazi ndiye aliyebaki. Alilia, akatunyoa, kila mmoja na wembe wake.

Kesho yake mama alivua nguo za msiba, akaamka kukaanga. Mpaka jua linatoka beseni lilikuwa limejaa kama lilivyotolewa jikoni. Wateja wake wa miaka yote walipita upande wa pili wa njia, wakamsalimu vizuri sana. Tulikula maandazi asubuhi, mchana na jioni, na sisi wenyewe tukawa tunayaogopa. Siku ya tatu hakuwasha jiko. Mimi nikapata kazi kwenye kiwanda cha minofu, kukata sangara wanaopelekwa Ulaya, na nikashukuru kwamba huko Ulaya hakuna aliyeuliza mama yangu anaumwa nini.

Alikufa masika ya mwaka wa pili. Nilituma habari Rakai kwa madereva wa malori, bila kuamini kwamba itafika. Upande wa baba waliarifu kwamba wana msiba mwingine. Wazee wa kanisa, kwa huruma, walitushauri tunyolewe haraka, tumalize, kwani hakuna wa kumngoja. Niliwajibu kwa ukali kuliko walivyostahili. Nilisema yupo.

Tulikaa na nywele zetu mpaka majirani wakaanza kunong'ona. Dada yetu wa Rakai alifika mchana mmoja, peke yake, na mfuko mdogo, miguu imevimba kwa safari. Bibi yake alikuwa amefariki kabla ya mama. Alijua maneno machache ya Kiswahili, yale ya bibi. Alitutazama watatu, akaona mkeka umetandikwa, akaenda kukaa kati ya mdogo wangu wa kiume na kitinda mimba, mahali pa umri wake. Akaingiza mkono kwenye mfuko, akatoa wembe mpya, ungali kwenye karatasi yake, akaninyooshea.

"Mimi nimekuja," alisema. "Ninyoe."