Nafasi Saba Tupu

Mtakwimu wetu hagusi wastani kabla ya kuhesabu watu. Hushusha rula yake ya mbao kwenye orodha, mstari kwa mstari, kila mgonjwa na vipimo vyake vitatu vya pumzi, midomo ikichezacheza bila sauti. Leo daktari alikuja akishangilia: kwenye kipimo cha mwisho, waliopewa dawa mpya wamewapita kwa mbali wale wa dawa ya zamani. Mtakwimu hakuinua uso. Rula ilisimama kwenye nafasi tupu, kisha akanigeukia.

“Dada, hawa saba wa dawa mpya ndio waliokuwa chini kabisa kwenye vipimo viwili vya kwanza. Kipimo cha tatu hawana, na wastani umepanda bila wao. Wako wapi?”

Mimi ndiye ninayewapima. Nilidhani wamepata nafuu, wakaona uvivu kuja. Nikampigia simu wa kwanza. Iliita mpaka ikakatika. Taratibu, mtakwimu akashusha rula kwenye jina la pili.