Springi Zilizoonja Moto

Gari lilipolalia pipa la tatu, watu walishangilia wakidhani ni mbwembwe. Kisha kipande cha springi kikachomoka chini yake, kikadunda mara mbili kwenye vumbi, gari likaviringika, na baba hakutoka. Nilikuwa na miaka kumi, nimeshika kamba waliyofunga kuzuia watazamaji. Katika umati wote ule tulikuwa watatu tu tuliojua kilichotokea, na mmoja alikuwa mimi.

Ngoja nikurudishe nyuma, maana ukiishia hapo utasema kama wanavyosema Tunduma mpaka leo, kwamba dereva alikosea.

Miaka ile biashara ilikuwa imefunguliwa tu. Tunduma ilikuwa matope, maturubai, na malori yaliyojipanga kusubiri kuvuka kwenda Zambia. Baba aliendesha lori la tajiri mmoja aliyekuwa jirani yetu, ukuta kwa ukuta na yadi yake. Lile gari jekundu la milango miwili baba alilinunua mwenyewe kwa Mzambia, kuukuu, na kwenye kona lilikuwa linalala upande kama mtu aliyeshikwa na usingizi. Bibi alisema baba ameoa mara ya pili, na huyu mke wa pili hali ugali ila anakunywa sana. Asubuhi za Jumamosi, ukungu ukiwa bado haujaondoka, mimi nasugua ringi kwa sabuni ya mche, mama anakaanga vinkubala, wale wadudu waliokauka wanaotoka ng'ambo, na harufu yao inachanganyika na ya oili. Nikiisikia harufu hiyo sokoni leo, nainama kujifanya natafuta kitu chini.

Kila mwisho wa mwezi tajiri aliandaa mashindano kwenye uwanja wa wazi. Mapipa yanapangwa, gari moja moja linapita likizunguka kati yake, mwalimu wa michezo anashika saa. Baba alikuwa anashindwa kwa kitu kidogo tu, kule kulala kwa gari. Basi jioni ananiweka karibu na taa, ananifundisha kama mtu mzima mwenzake. Springi laini, gari linayumba. Ngumu kupita kiasi, linarukaruka, tairi linaacha ardhi. Na shokapu kazi yake ni kuituliza springi. "Springi inarusha, shokapu inashika. Hizo mbili zisipoelewana, huna gari."

Akampata muuzaji wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, aliyekuwa na springi fupi, ngumu kiasi, pamoja na shokapu zake, zote zikitokea Ndola. "Bamudala, wiki mbili tu, mukwai," yule muuzaji alimwambia, kwa heshima zao za kule. Baba akakubali kusubiri na kukosa mashindano ya mwezi ule.

Tajiri hakutaka. Alikuwa amealika wageni kutoka Vwawa. "Kata hizo hizo ulizonazo," alisema, amesimama mlangoni kwetu na kikombe chetu cha chai mkononi.

"Kwa msumeno, labda," baba akamjibu. "Kwa gesi hapana, bosi. Springi ikishaonja moto hairudi tena kuwa springi."

Kesho yake akapewa safari ya Chitete na mzigo wa mbolea. Alipoondoka tu, fundi wa tajiri akaingia yadini, baba alikolaza gari lake. Alikuwa fundi wa malori, na mafundi wa malori wa kwetu walikuwa na tabia moja: kitu kikikataa, kipashe moto. Nilikaa juu ya tairi nikamwangalia. Akawasha gesi, akakata mzunguko mmoja na nusu kila springi, chuma kikageuka rangi ya bluu kama shingo ya njiwa. Kisha akapaka rangi nyeusi, akapuliza ikauke.

"Binti, wewe hukuona moto, sawa? Bosi ndiye kaagiza gesi, na baba yako akisikia moto hashindani huyo."

Na mimi nilitaka ashindane. Nilikuwa nimeshajitapa shule nzima.

Baba alirudi, akainama, akapapasa springi. "Umekata kwa kitu gani?"

"Kwa msumeno, kaka. Mkono huu hapa unaniuma mpaka sasa."

"Niangalie machoni. Msumeno?"

"Aa, muulize binti yako. Si alikuwa hapa kutwa nzima?"

Baba akanigeukia. Nikasema, "Msumeno, baba." Akanishika kichwani, akaridhika. Hata kukwangua ile rangi hakukwangua.

Fundi aliokota kile kipande uwanjani kabla polisi hawajafika. Nilimwona akikifunga kwenye koti. Tajiri ndiye aliyewaeleza polisi, kwamba dereva alitaka sifa. Mama alivuka kwenda kwa ndugu zake upande wa pili akachelewa kurudi, halafu hakurudi. Mimi niliishia la saba nikabaki na bibi, na bibi alikufa sijamwambia. Watoto niliowazaa sijawaambia. Unaweza kukaa katika mji wenye watu wengi hivi na usiwe na hata mmoja wa kumwambia neno moja. Uwanja wenyewe umejengwa gesti na maduka, hakuna anayekumbuka kwamba mapipa yalipangwa pale.

Sasa nimesema. Langu ni lile neno moja nililosema nikiwa na miaka kumi, nalibeba. Lakini tajiri bado yupo, na fundi yupo Vwawa, ana gereji, vijana wanamwita mzee kwa heshima. Baba aliendesha malori kwenye milima yote hii na hakuwahi kukwaruza hata ukuta. Nataka tajiri aseme mbele za watu kama si yeye aliyetoa amri ya gesi. Na wewe fundi, nijibu hili moja: mtu mzima mwenye mikono yako, ilikuwaje ukamtafuta mtoto akusaidie kumdanganya baba yake?