Shikamoo Niliyompa Kijana wa Mgeta

Nilikwenda Mgeta kumposea mwanangu Kasto, fundi mwashi. Alikuwa ameniambia wazi: asipompata Veronika, binti aliyekuja mjini kuuza njegere, basi anarudi kwetu Songea, na mimi nizeeke peke yangu Mafiga, hapa Morogoro mjini. Mama yake alikwisha fariki. Sasa mzazi ufanyeje?

Asubuhi tukapanda lori tupu lililokuwa likienda kuchukua kabichi, mimi na mshenga wangu Mashaka, mjumbe wetu wa nyumba kumi. Miaka ile ya Ujamaa, mjini wote tulikuwa ndugu. Mimi mkata mkonge nilipata kumwita mganga mmoja "bwana mkubwa", akanikemea: "Mabwana walishaondoka, mzee. Mimi ni ndugu." Nikamwambia sawa, ndugu, lakini hiyo sindano ichome polepole. Basi Mashaka naye, "ndugu" haikumtoka mdomoni. Ndugu dereva, ndugu utingo, hata mbuzi aliyelala barabarani aliitwa ndugu.

Barabara ilipokwisha tukashika njia ya miguu. Mlima ule, jamani, aliye mbele yako unamwona visigino tu. Mama mmoja mwenye mzigo wa kuni akatusalimu, "Tumsifu Yesu Kristu." Mashaka akaitikia, "Uhuru na kazi!" Mama akacheka mpaka kuni zikayumba.

Adhuhuri tukafika kwa kina Veronika. Nje kijana alikuwa anakwangua tope kwenye jembe, suruali kaikunja magotini. Mashaka akamwambia, "Hujambo, kijana? Hebu kawaite wazee." Akajibu, "Sijambo," akaingia ndani taratibu.

Tulipokaribishwa, kumbe yule kijana ndiye kakalia kigoda! Baba yake Veronika, mwenye mvi kunizidi, yuko mkekani. Mashaka akamgeukia baba, akamwaga maneno yote ya posa. Baba akasikiliza mpaka mwisho.

"Mmesema vizuri," akasema. "Lakini mimi nimezaa tu. Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Mjomba ndiye huyu. Alirithi jina la marehemu mjomba wake, na kigoda chake. Hata mimi namwamkia."

Mashaka akababaika. "Samahani, ndugu..."

"Ndugu?" akasema yule kijana. "Uwe ndugu yangu, halafu utake binti yangu? Kwenu mnaoana hivyo?"

Wanawake jikoni wakaangua kicheko, ila yeye hakucheka. Akaanza kuinuka. Akilini nikamwona Kasto kashafunga mizigo ya Songea.

Nikavua kofia, nikapiga goti. "Shikamoo, mjomba." Goti lenyewe lilikuwa linalia, na huyo ningeweza kumzaa.

Akaitikia, "Marahaba." Akakaa tena. "Sasa sema wewe, mwenye mtoto. Analewa?"

"Pombe anakunywa, mjomba. Lakini kazini haendi akiyumba."

Kidogo akatabasamu. "Veronika kashasema anamtaka. Mleteni."

Wakati wa kurudi akatusindikiza. Tulipoacha nyumba mbali, akachukua mfuko wangu, akainama. "Shikamoo, baba. Hapa panateleza, nishike bega."

Nikamshika. Hapo ndipo nilipoelewa: ndani niliamkia kigoda na wote waliowahi kukikalia, njiani yeye aliamkia mvi zangu. Hakuna aliyepungukiwa.

Nyuma yetu Mashaka akauliza, kwa unyonge, "Na mimi sasa nikuiteje?"

Kijana hakugeuka. "Niite mjomba. Wewe mshenga, posa yako haijaisha."