Poda ya Rangi ya Maziwa

Juma lililopita nilisifu hapa gazetini poda mpya za uso kutoka Ulaya, rangi hafifu zenye majina ya vyakula: maziwa, ndizi, vanila. Jana, katika duka moja la mtaa wa Himbi, nilimkuta mama muuza samaki wa soko la Kituku ameshika ukurasa wangu, umekunjamana na kunuka sambaza, wale dagaa wa ziwani.

“Nipe ile ya maziwa,” alimwambia muuzaji. “Ni ya ndoa ya mutoto wangu.”

Muuzaji akampaka shavuni. Mama akajitazama kwenye kioo, kisha akajifuta polepole kwa pembe ya kitenge.

“Niko sawa na mutu mwenye anatoka ku mulini ya kusaga unga. Lakini gazeti haiwezi kudanganya. Pengine ni uso yangu njo mubaya.”

Uso wake haukuwa na kosa lolote. Kabla ya kuisifu poda ile niliijaribu kwenye karatasi nyeupe tu, na pale dukani nilijifanya nachagua sabuni.