Kidole Juu ya Mstari

Mjukuu wangu akisoma Qur'ani, watu huacha kahawa yao ikapoa. Sisemi hivyo kwa kuwa ni damu yangu. Mtoto wa darasa la tatu, kajitanda mtandio mweupe, juzuu iko juu ya marufaa, kile kibao cha kuwekea msahafu, mbele yake, kidole kinatembea juu ya mstari toka kulia kwenda kushoto, na sauti inatoka imenyooka, kila herufi mahali pake kooni. Khitma ya marehemu mume wangu, kisomo cha kumwombea, alisoma yeye. Wanawake waliojaa ukumbini kwangu, pale mtaa wa Malindi, wakanigeukia: "Bi mkubwa, umepata msomaji." Nikawajibu kama ninavyomjibu anayesifu kofia ninazoshona.

"Nnajua."

Haukupita muda nikaitwa skuli. Mwanangu, baba wa mtoto, alikuwa kazini bandarini, nikaenda mimi. Mwalimu wa darasa, mtu mzima mwenye miwani, alinambia kabla sijapata pa kukaa kwamba mjukuu wangu hasomi. Hakusema anasoma vibaya. Alisema hasomi. Akipewa kitabu cha Kiswahili anatazama picha na kubuni hadithi yake mwenyewe. Imla anaandika herufi zisizojuana. Wenzake wameshamtungia jina, wanamwita Bi Picha.

"Huyu?" nikamuuliza. "Anayemaliza juzuu bila ya kujikwaa?"

"Ndiyo maana nasema ni mvivu, bibi. Kiarabu anakisoma, Kiswahili kimshinde? Anafanya makusudi."

Na mimi nikaona ana haki. Kesi ya mtoto ilikaa hivyo: ile sifa yake ya chuoni, kwenye Qur'ani, ndiyo iliyogeuzwa ushahidi wa kumfunga skuli. Baba yake aliposikia, alitoa hukumu kabla hajavua viatu.

"Mwaka ukiisha hivi hivi, nampeleka Bwejuu kijijini kwa dada yangu. Akamsaidie jikoni, wageni kule hawakosekani. Sina haja ya kugombana na mtu asiyetaka kusoma."

Niseme kidogo habari zangu. Skuli niliishia darasa la tatu, nyumbani palikuwa na kazi na mimi ndiye niliyekuwa na mikono. Kazi yangu ni kofia za viua, hizi za kushona kwa mkono, ambazo kila kitobo kinazungushiwa uzi mpaka nguo inakuwa ngumu kama ngozi. Nilianza kwa kuwashonea watu, leo nina duka langu Mlandege, sikurithishwa wala sikuombewa na mtu. Kwa hiyo mimi si mtu wa kuililia skuli. Lakini mimi skuli niliiacha. Kuiacha na kutolewa kwa jina la uvivu si kitu kimoja, na mtoto huyu nilikuwa nikimuona nyumbani. Mvivu hakai na juzuu tangu alasiri mpaka magharibi.

Alasiri moja alikaa ubavuni pangu anasoma, mimi nimepakata kofia. Juzuu ile ilikuwa imemwagikiwa marashi siku ya khitma, kurasa mbili zikagandana. Yeye akafunua zote mbili pamoja kama ukurasa mmoja. Upande aliofungua, katikati, ilianza sura mpya. Kile kisanduku chenye jina la sura, chenye nakshi, hakifichiki hata kwa macho yangu haya. Kidole chake kikakipitia kama mtu anavyopita juu ya mkeka, na sauti ikaendelea na sura ya nyuma, ile iliyobaki kwenye kurasa zilizogandana. Haikupotea hata irabu.

Nikaisimamisha sindano. "Hebu nisomee hapa nilipoweka kidole."

Akanyamaza. Nikahamisha kidole mahali pengine. Akanyamaza.

"Bibi," akasema chini chini, "nianzishie."

Nikamwanzishia neno moja. Akatiririka mpaka mwisho.

"Wewe husomi," nikamwambia.

"Nasoma. Nasoma kwa masikio."

"Na herufi hizi?"

Akafikiri. "Ni kama wanawake wa harusini, wote wamevaa nikabu. Najua kila mmoja ana jina lake. Nikimfahamu mmoja, akigeuka tu nshampoteza." Kisha akanishika mkono ulioshika sindano. "Usimwambie mtu, bibi. Watasema siku zote nilikuwa nawadanganya. Mimi sina kingine wanachonisifia."

Sikumuahidi. Siahidi kwenye jambo nisilolijua. Lakini nilifahamu tulivyokosea. Sote tulikuwa tumemuona mtoto anasoma kwa kuwa kidole kilikuwa kinatembea. Chuoni wanasoma kwa pamoja, sauti za wakubwa zinawabeba wadogo, na mwenye sikio zuri anafika mbali kabla mtu hajamuuliza anaona nini. Kuisema siri ile ni kumvua nguo yake pekee nzuri. Kutoisema, ni Bwejuu.

Skuli hiyo hiyo alikuwapo mwalimu wa kike, kijana, Mkristo, wazee wake watu wa bara. Nilisikia kwamba hukaa na watoto wanaoshindwa na masomo. Nikamfuata.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Nna mtoto wa jirani," nikamwambia, nikamweleza yote, mpaka ya marashi.

Alinisikiliza mpaka mwisho. "Bibi, huyo mtoto wa jirani unafanana naye pua."

Sikupoteza muda kubishana. Akanambia kuna kitu kinaitwa disleksia.

"Ugonjwa gani huo? Unaambukiza?"

"Si ugonjwa. Mtu anazaliwa hivyo, na akili yake ni nzima. Njia ya kutoka kwenye herufi kwenda kwenye sauti, kwa mwenzake ni barabara, kwake ni kichochoro. Atafika, ila anataka muda na mtu wa kumwonyesha kona."

"Na bakora?"

"Mtoto asiyeona mbali, bibi, ukimchapa ataona?"

Nikavuta kiti nikakaa. 

Akanieleza anachotaka mtoto wa namna hii. Asiinuliwe kusoma mbele ya wenzake bila ya kujiandaa. Maswali asomewe, aachiwe ajibu kwa mdomo, aongezewe muda. Herufi apewe chache chache, na kila moja aione, aitamke, aiguse. Wengine, akasema, huandika kwenye mchanga.

"Mchanga wa nini," nikamwambia. "Mimi nna sindano."

"Sawa, bibi. Lakini baba yake na mwalimu wake lazima wajue. Wakiendelea kuamini kwamba Qur'ani anaisoma kwa macho, wataendelea kuamini kwamba anawachezea. Na hilo aliseme mwenyewe. Tukimsemea sisi, tumemfedhehesha."

Nikakata kitambaa cha kofia, nikachukua uzi mnene, nikashona herufi za Kiswahili zikasimama juu ya nguo kama mishipa ya mkono wangu. Mtoto alipita na kidole juu yake, anatamka. Kidole kile kile, ila safari hii kilikuwa kinafanya kazi.

"Hii yako ina tumbo, bibi."

"Ina mimba. Tamka."

Ile ba na ile da zilimtesa, hazikumwachia. Nikamwambia ba ina tumbo mbele, da ina makalio nyuma. Alicheka mpaka akalala chini, na tangu siku hiyo, kabla hajatamka, hupapasa kwanza kujua tumbo limekaa upande gani. Lakini msidhani mambo yalinyooka. Leo anaijua, kesho kaisahau, keshokutwa kairudia. Subira yangu ni fupi, kuna siku nilimwambia, "Pisha huko, nishone." Akainuka kimya. Akarudi baadaye na kitambaa chake, akakaa pale pale.

Mwaka ukaisha. Baba yake akaja na begi.

"Dada yangu anamsubiri," akasema. "Keshatayarishiwa pa kulala."

Nilikuwa nalo neno mdomoni, nikaling'ata, kwa kuwa la kusema lilikuwa la mtoto. Mtoto alikuwa amesimama mlangoni. Alinitazama, nami nikainamia kofia yangu. Akaenda akaichukua juzuu, akampa baba yake.

"Nifungulie popote, baba."

Baba yake akafungua, akaiweka mbele yake. Mtoto hakukipeleka kidole. Mikono ilikuwa nyuma ya mgongo.

"Sijui hapa ni wapi. Nianzishie."

"Nikuanzishie nini, si unaona?"

"Naona. Sisomi. Sijapata kusoma hata siku moja. Nashika wanachosoma wenzangu, kidole nakipeleka tu."

Mwanangu alikaa juu ya lile begi. Akatamka neno moja la ukurasa ule, na mtoto akalipokea akaendelea. Akafunua kwingine, akatamka tena, akaendelea tena. Nadhani alikuwa akitafuta mahali ambapo mtoto angekwama, hakupapata.

"Na mimi nilikuwa nikijisifia wewe bandarini."

"Najua, baba. Ndiyo maana sikusema."

Akaifunga juzuu, akaipima mkononi. "Hii yote umeitia kichwani?"

"Na juzuu ya Tabaraka pia."

"Basi mtu huyu si mvivu," akasema, ananiambia mimi.

"Ndilo ninalokwambia."

"Hukunambia, mama."

"Nshakwambia sasa. Mwambie akusomee kitambaa."

Mtoto akaleta kitambaa, akakitandika gotini kwa baba yake, akapita na kidole. Ko. Fi. Hapo akasita, akarudi mwanzo, akapapasa upya. Ko-fi-a. Ilichukua muda mrefu, na baba yake alikuwa anajua neno ni lipi tangu mwanzo, lakini hakumtajia. Kwa hilo nilimsamehe begi.

Skuli tulikwenda pamoja. Yule mwalimu kijana alieleza, yule mwenye miwani alisikiliza amekunja mikono, akasema tutajaribu. Neno hilo nalijua, mimi pia huwaambia wateja. Lakini alijaribu. Maswali anamsomea, na hamwinui tena mbele ya darasa. Mtoto bado yuko nyuma ya wenzake, na mwalimu kijana kanambia wazi kwamba hii haiponi, inazoeleka. Wenzake wakimwita Bi Picha anaitika "Naam," wanakosa raha.

Mwaka huu tumesoma tena khitma ya mume wangu. Ukumbi ulijaa, marashi yakapitishwa, mtoto akaketi mbele ya marufaa. Juzuu aliiweka juu yake imefungwa, mikono akaiweka mapajani. Mwanamke mmoja, mtu wa heshima zake, akaniinamia.

"Mbona hafungui?"

Nikafungua mdomo nimjibu. Mtoto akanitangulia, kwa sauti ya kusikika na wote.

"Sijui kusoma, bibi. Ndiyo kwanza nnajifunza."

 Akavuta pumzi akaanza, na hakungoja mtu amwanzishie.